Ketamini Iachwe Dowa

Tangu mwigizaji Matthew Perry afe Los Angeles mwezi Oktoba 2023, na uchunguzi ukaeleza kwamba ketamini ndiyo iliyokuwa chanzo kikuu cha kifo chake, jina la dawa hiyo limetoka vyumba vya upasuaji likaingia vijiweni. Hukumu inayotolewa huko ni moja: ketamini ni dawa ya farasi, ni starehe mpya ya matajiri, ni ndugu wa madawa ya maabara yanayobadilishwa jina kila mwaka ili kukwepa polisi. Basi dunia nzima iipige marufuku yaishe. Hukumu hiyo inapendwa kwa sababu haimgharimu chochote anayeitoa. Gharama yake italipwa kwingine, na mahali pamojawapo pa kulipia ni wilaya ya Dowa, katikati ya Malawi, ambako kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na vijiji vinavyoizunguka vinategemea hospitali ya wilaya kwa upasuaji.

Wanaotaka marufuku wanaitegemea methali: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa kapu la samaki ni kweli. Katika elimu ya dawa ni balaa, kwa kuwa dawa mbili zinaweza kupishana kwa atomi chache tu, moja ikawa inamfikisha mama mezani kwa upasuaji akiwa hai, na nyingine isiwe na kazi yoyote hospitalini. Sheria isiyoweza kuzitenganisha hizo mbili haiwalindi vijana wala wagonjwa.

Tuanze na hilo la farasi. Ni kweli madaktari wa mifugo wanaitumia ketamini, kama wanavyotumia dawa nyingi za binadamu. Lakini ilibuniwa kwa ajili ya watu. Kampuni ya Parke-Davis ya Marekani ilikuwa na dawa ya usingizi iitwayo fensaiklidini, iliyoondoa maumivu vizuri sana lakini ikawaacha wagonjwa na vurugu ya akili kwa saa nyingi baada ya kuamka. Mwaka 1962 mkemia Calvin Stevens alitengeneza jamaa yake wa muda mfupi zaidi, ndiyo ketamini. Mwaka 1964 watafiti Edward Domino na Guenter Corssen waliijaribu kwa binadamu kwa mara ya kwanza, na watu hao walikuwa wafungwa wa gereza la Jackson, Michigan. Mwaka 1970 ikaidhinishwa Marekani, na majeruhi wa vita vya Vietnam wakawa miongoni mwa waliopasuliwa kwa kuitegemea. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na hadi leo haijatoka. Historia hiyo ina doa la kuwajaribia wafungwa. Zizi la farasi halimo.

Namna inavyofanya kazi ndiyo kiini cha ubishi wote. Chembe za ubongo hupashana habari kwa kemikali iitwayo glutameti. Glutameti hufungua vijilango kwenye chembe hizo, na aina moja ya vijilango ni vipokezi vya NMDA. Ketamini huingia ndani ya kijilango kilichokwisha funguka na kukiziba. Habari za maumivu zinaendelea kupanda kutoka kwenye jeraha, ila sehemu za ubongo zinazozipokea na kuzipa maana zimekatiwa mawasiliano. Mgonjwa anaweza kuwa amefumbua macho, anapumua mwenyewe, anameza mate, na bado hajui kwamba mguu wake unakatwa. Ndiyo maana kundi hili huitwa dawa za kutenganisha fahamu na mwili.

Sasa linganisha na dawa nyingine za nusukaputi. Nyingi huzima pumzi na kushusha presha, kwa hiyo humlazimu anayezitoa awe na oksijeni, mashine, na ujuzi wa kuingiza mpira kooni na kumpumulia mgonjwa. Ketamini huuchochea mfumo wa neva unaoharakisha moyo, na kwa kawaida presha hupanda au angalau haiporomoki. Kwa mtu aliyemwaga damu nyingi, tofauti hiyo ndiyo uhai. Mshipa usipoonekana inachomwa kwenye nyama ya paja, na dakika chache baadaye upasuaji unaanza. Haihitaji umeme. Hatari zake zinajulikana pia: ikisukumwa kwa kasi mshipani inaweza kusimamisha pumzi kwa muda, mate huongezeka, na mgonjwa mzima anaweza kuamka akiona maajabu, hivyo mara nyingi hupewa diazepamu kidogo kumtuliza. Mhudumu aliyefunzwa vizuri anajua namna ya kukabiliana na kila moja ya hatari hizo.

Ubora huo unaonekana vizuri zaidi ukiitazama ramani. Dzaleka iko kilomita 40 na ushei kaskazini mwa Lilongwe. Enzi za rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la kisiasa. Mwaka 1994 pakafanywa kambi, ikapangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo inao zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni na kanisani. Kituo cha afya cha kambini huwatibu wakimbizi na Wamalawi wa vijiji vya jirani kwa pamoja. Anayehitaji kupasuliwa hupewa rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya huko Dowa Boma, na kesi nzito zaidi huteremshwa Lilongwe, Hospitali Kuu ya Kamuzu.

Kwenye hospitali za wilaya Malawi, usingizi wa upasuaji hautolewi na daktari bingwa. Mabingwa wa fani hiyo ni wachache mno nchini, na kazi inabebwa na maafisa tabibu waliosomea usingizi. Vifaa vyao ni ganzi ya uti wa mgongo, halotheni pale mashine inapokuwa nzima, na ketamini. Kwa upasuaji wa kujifungua, ganzi ya uti wa mgongo ndiyo chaguo la kwanza, na utafiti wa Paul Fenton na wenzake uliochapishwa 2003, uliofuatilia upasuaji wa aina hiyo zaidi ya 8,000 nchini Malawi, uliipa uzito. Lakini ganzi hiyo hushusha presha. Mama aliyefika na mfuko wa uzazi uliopasuka, damu imeisha mwilini, ukimchoma mgongo unaweza kumpoteza kabla kisu hakijamgusa. Halotheni nayo inataka mashine na hewa ya oksijeni, na mashine zinazozalisha oksijeni zinataka umeme. Januari 2022 dhoruba ya kitropiki Ana ilipoivunjavunja mitambo ya umeme ya Kapichira, Malawi ilipoteza karibu theluthi ya umeme wake kwa mpigo. Usiku kama huo, kinachobaki mkononi mwa afisa tabibu ni kichupa cha ketamini.

Kuna atakayesema mgonjwa apelekwe Lilongwe. Ni rahisi kwa asemaye. Mkimbizi wa Dzaleka haruhusiwi kuishi nje ya kambi bila kibali, na Mei 2023 polisi na wanajeshi waliwazoa mijini wakimbizi wenye maduka na familia na kuwarudisha kambini. Mtu wa namna hiyo hana uchaguzi wa kutafuta kliniki ya kulipia mjini. Anatibiwa pale rufaa inapompeleka, kwa dawa iliyopo siku hiyo.

Sasa tuje kwa huyo ndugu mwovu, maana yupo. Karibu mwaka 2010 wauzaji wa mtandaoni Ulaya walianza kusambaza unga uitwao methoksetamini. Waliobuni walichukua umbo la ketamini, wakaondoa klorini na kuweka kundi la methoksi, wakabadili pia kipande kidogo kwenye upande wa naitrojeni. Matokeo yalikuwa kitu ambacho sheria za wakati ule hazikukitaja, hivyo kikauzwa waziwazi kama kemikali ya utafiti isiyofaa kuliwa na binadamu, huku kila mnunuzi akijua anakinunulia nini. Wauzaji walikisifu kwamba hakiumizi kibofu kama ketamini. Majaribio kwa panya yakaonyesha kibofu kinaumia vilevile. Kinaziba vipokezi vile vile vya NMDA na juu yake kinavuruga serotonini. Huchelewa kupanda, hivyo mtumiaji huongeza kipimo akidhani hakijafanya kazi. Kisha hudumu kwa saa nyingi. Hospitali za Ulaya zilipokea watu waliotumia, na vifo vilivyohusishwa nacho viliripotiwa katika nchi kadhaa.

Sheria ilikijibu kwa haraka. Uingereza ilikizuia kwa amri ya muda Aprili 2012, mara ya kwanza kwa mamlaka hayo mapya kutumika, na Februari 2013 ikakiingiza Daraja B. Umoja wa Ulaya ulifuata 2014. Machi 2016, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya huko Vienna ilikiweka kwenye Jedwali la Pili la Mkataba wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Sina neno la kuitetea methoksetamini. Hakuna mgonjwa hata mmoja, Dowa wala London, aliyekosa matibabu kwa sababu ya uamuzi huo, maana haikuwa imeidhinishwa kutibu ugonjwa wowote. Hivyo ndivyo marufuku nzuri inavyokuwa: kitu kina madhara, hakina kazi, kinafungiwa.

Mantiki hiyo hiyo ikitumiwa kwa ketamini inatoa jibu la kinyume, na Mkataba wenyewe unadai itumike. Mkataba wa 1971 unalitaka Shirika la Afya Duniani lipime vitu viwili: ukubwa wa madhara kwa jamii, na manufaa ya dawa katika tiba. Wanaopiga kelele za marufuku wanasoma kipimo cha kwanza na kulifunga kabrasha. Kamati ya wataalamu wa Shirika hilo imeijadili ketamini 2006, 2012, 2014 na tena 2015, na mara zote nne haikupendekeza iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa.

Hata hivyo, udhibiti huo ulikaribia kutokea. Mwaka 2014 China, iliyokuwa na tatizo la kweli la ketamini ya magendo, ilipendekeza dawa hiyo iingie Jedwali la Kwanza, mahali penye masharti makali kuliko yote. Upinzani ulipozidi, ikapunguza ombi hadi Jedwali la Nne. Machi 2015 Tume ya Vienna iliahirisha uamuzi. Fikiria kilichokuwa mezani: tatizo la miji ya China kutatuliwa kwa kanuni ambazo zingefika hadi stoo ya dawa ya Dowa. China ilikuwa tayari inaidhibiti ketamini kwa sheria zake za ndani, na zilikuwa kali. Marekani iliiweka kwenye jedwali lake la tatu mwaka 1999. Uingereza iliidhibiti 2006, na 2014 ikaipandisha daraja kwa sababu ya madhara ya kibofu. Kila nchi inao uwezo wa kudhibiti nyumbani kwake bila kuifunga mikono Malawi.

Hapo wapinzani huleta hoja yao iliyo bora zaidi, na inastahili jibu kamili. Wanasema udhibiti si marufuku. Jedwali la Nne ni jepesi. Dawa itaendelea kupatikana hospitalini, kutakuwa na makaratasi tu.

Makaratasi tu! Fenobabitali iko kwenye Jedwali la Nne hilo hilo. Ni dawa ya kifafa ya bei nafuu kuliko nyingine, inayotengenezwa tangu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Pamoja na bei hiyo ya senti, vibali vya kuiingiza na kuisambaza vimetajwa na wataalamu wa afya kama mojawapo ya sababu zinazofanya ikosekane katika nchi maskini, nchi zile zile zenye kifafa kingi kutokana na malaria ya ubongo na minyoo ya tegu. Nenda kwa mofini, ambayo kisheria haijapigwa marufuku popote kwa tiba. Tume ya jarida la Lancet ilihesabu 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini hupata tani 0.1. Hakuna sheria inayomkataza mgonjwa wa saratani wa Malawi kupewa mofini. Kilichopo ni makadirio ya kupelekwa mapema, vibali vya kuingiza, stoo zenye masharti, wauzaji wanaoona soko dogo halina faida ya usumbufu huo, na wahudumu wanaoogopa kesi. Kila hatua ina sababu yake nzuri, na mwisho wa hatua zote kabati liko tupu.

Tunajua pia kwamba njia nyingine ipo, kwa kuwa jirani zetu wameipita. Uganda, ambako Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda 1993, ilibadili kanuni zake 2004 na kuwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuandika mofini ya kunywa. Magharibi mwa Kenya, kuanzia 2013, wahudumu wasio wataalamu wa usingizi walifunzwa kutumia ketamini kwa upasuaji wa dharura pale mtaalamu anapokosekana. Mwelekeo wa kanda hii umekuwa kuisogeza dawa karibu na mgonjwa kwa mafunzo na usimamizi. Wanaotaka majedwali wanatuvuta upande mwingine.

Tusiyafiche madhara. Anayevuta ketamini puani kila siku kwa miezi anaweza kuharibu kibofu hadi akojoe damu na maumivu kila nusu saa. Watu wamekuwa waraibu, wamezama kwenye mabafu, wamekufa. Lakini hao ni watumiaji wa vipimo vya mara kwa mara, nje ya hospitali. Mtoto aliyeungua kwa uji wa moto, anayepewa dozi moja ili asafishwe kidonda, hayuko kwenye hatari hiyo ya kibofu. Na kifo cha Perry, kinachotajwa kama ushahidi wa marufuku, kinathibitisha kinyume. Kilitokea katika nchi iliyokuwa imeidhibiti ketamini kwa miaka 24. Watu watano walishtakiwa, wawili wao madaktari. Hakuna jedwali la Vienna ambalo lingemwokoa. Waliomuuzia walikuwa tayari wanavunja sheria ya kwao.

Kuna kejeli nyingine inayopaswa kuwaudhi wanaojali haki. Machi 2019 Marekani iliidhinisha esketamini, ambayo ni moja ya pande mbili za molekuli ile ile ya ketamini, iuzwe kama dawa ya kupuliza puani kwa wenye sonona sugu, kwa bei kubwa na chini ya hataza. Ketamini ya kawaida, ambayo hataza yake ilikwisha zamani na yeyote anaweza kuitengeneza kwa bei nafuu, ndiyo inayoitwa sumu. Molekuli ikiwa ghali huitwa tiba mpya. Ikiwa rahisi na mikononi mwa afisa tabibu wa Dowa, inaitwa dawa ya farasi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Malawi yenyewe imeonyesha kwamba inaweza kutenganisha. Chamba, yaani bangi, kilikuwa haramu kwa miongo mingi. Sheria ya Udhibiti wa Bangi ya 2020 ikaruhusu kilimo cha leseni kwa ajili ya tiba na viwanda, huku matumizi ya starehe yakibaki kosa. Bunge lililoweza kupitisha hilo kwa mmea wenye soko la nje haliwezi kudai kwamba kutenganisha ni kugumu mno linapofika suala la dawa ya usingizi. Na anayesema anawahurumia vijana wa Dzaleka aanze na pombe ya kachasu inayouzwa kwa bei ya andazi, na pia sera inayowanyima vijana hao ruhusa ya kufanya kazi nje ya kambi. Ulevi unakula pale penye siku ndefu zisizo na kazi. Kuiondoa ketamini Dowa Boma hakutampa kijana hata mmoja ajira, wala hakutamwaga chupa moja ya kachasu.

Udhibiti unaofaa upo na ni wa kawaida kabisa. Ketamini ikae kwenye kabati lenye kufuli, ndani ya chumba cha upasuaji. Kila kichupa kiandikwe kwenye daftari na kutiwa saini na watu wawili, na vichupa vitupu vihesabiwe. Mamlaka ya Udhibiti wa Dawa, iliyopewa meno kwa sheria ya 2019, ikague mara kwa mara bila taarifa na imfikishe mwizi mahakamani, awe mlinzi au daktari. Forodha ya uwanja wa ndege wa Lilongwe ipewe uwezo wa kutambua methoksetamini na wenzake, ambao hawana sababu yoyote ya kuingia nchini. Maafisa tabibu waongezwe na wafunzwe. Hayo yote yanafanyika kwa sheria za Malawi, kwa kipimo cha tatizo la Malawi.

Suala hili litarudi Vienna. Dawa yenye kelele nyingi haikosi serikali ya kuipeleka. Likirudi, yeyote anayetaka ketamini iingizwe kwenye majedwali ya dunia aulizwe maswali matatu kabla ya kupewa kipaza sauti. Dawa gani itatumika Dowa usiku huo huo, umeme umekatika na mama anavuja damu? Nani atainunua? Nani amekwisha kufunzwa kuitoa? Asipokuwa na majibu yote matatu, ujumbe wa Malawi upige kura ya hapana, na wa Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo wapige pamoja nao.